Begi zuri, lakini shika kalamu kwanza

Mwanangu,

Picha ya begi nimeiona. Umeniuliza: una pointi 40,000 kwenye shirika lako la ndege, nao wanakupa begi la magurudumu kwa pointi 25,000, ulichukue au ungoje safari?

Begi hilo umesema dukani ni dola 100. Gawanya kwa 25,000: kila pointi umeiuza kwa senti 0.4. Sasa tafuta tiketi unayoihitaji kweli. Tuseme ukilipa pesa ni dola 390, na kwa pointi ni hizohizo 25,000 pamoja na kodi na tozo za dola 65. Toa 65 kwenye 390, zinabaki 325. Gawanya tena, unapata senti 1.3. Pointi zilezile, zaidi ya mara tatu.

Hizo tozo usizisahau. Watu husikia "tiketi ya bure", kumbe mashirika mengine hubandika tozo ya mafuta kubwa hadi unashangaa umeokoa nini. Ikiwa hivyo, lipa pesa na pointi uziache. Au tazama ndege za washirika wao: shirika likiwa ndani ya muungano wa mashirika ya ndege kama Star Alliance, oneworld au SkyTeam, pointi zako hukata tiketi kwa wenzake pia, na mara nyingine tozo huko ni ndogo.

Rafiki zako watajisifu kwamba daraja la biashara limewapa senti 5 kwa pointi. Hesabu yao ni sawa, ila waulize kama wangetoa dola 3,000 mfukoni kwa kiti kile. Mimi nilikaa huko mara moja, nikalala kama mtoto, wala sijutii. Lakini sisemi niliokoa pesa.

Kulimbikiza nako usikupende sana. Niliweka pointi miaka minne nikingojea safari yangu na baba yako. Asubuhi moja ikaja barua pepe: tiketi ya pointi 60,000 kuanzia mwezi ujao ni 85,000. Nikasoma masharti nipate pa kulalamika. Yameandikwa wazi kwamba wanaweza kubadilisha watakapo. Baba yako akacheka: "Ulikuwa unafuga kuku wa watu." Tangu hapo nikiona safari inayofaa, nakata.

Na zile pointi za kadi yako ya benki usizihamishie kwenye ndege kabla hujaona kiti kipo. Zikishahama, kwa kawaida hazirudi. Tazama pia tarehe ya kuisha kwenye akaunti yako, leo hii, si kesho.

Nitumie tarehe za safari yako tuhesabu pamoja. Begi langu la bluu liko juu ya kabati, gurudumu moja linapiga kelele kidogo. Njoo ulichukue.

Mama