Jibu: Reli ipi kwa behewa la mizigo la Afrika Mashariki?

Ndugu wa Nakuru, umeuliza kama behewa lako dogo la mfano, la mizigo la miaka ya 1950, kipimo cha 1:87 (yaani limepunguzwa mara 87), litafaa kwenye reli ya mfano yenye upana wa milimita 16.5 kati ya vyuma vyake viwili. Halitafaa. Hiyo inawakilisha reli halisi ya milimita 1,435, ilhali reli ya Afrika Mashariki iliyofika Kisumu mwaka 1901 ni ya mita 1. Gawa milimita 1,000 kwa 87, unapata kama 11.5, kwa hiyo nunua ya milimita 12. Tazama behewa halisi kwa mbele: bodi limejitokeza pembeni kupita magurudumu. Umbo hilo ndilo nalipenda kuliko yote, na reli pana inaliua kabisa! Maandishi ya kuandika kwenye behewa je? East African Railways and Harbours, shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, ilianza 1948, basi tumia jina hilo. Ukifika Nairobi, beba futi uingie Makumbusho ya Reli.