Maswali na Majibu: Karavani Isiyotulia Nyuma ya Gari

Tumenunua karavani kuukuu, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, hapa Leeds, Uingereza. Tukifikia kilomita 85 kwa saa, mkia wake huanza kuchezacheza. Je, tununue kifaa cha kuzuia kuyumba?

Kabla ya kutoa fedha, ndugu msomaji, kagua ulivyopakia. Myumbo ukishaanza, athari ya mzigo huongezeka kwa mraba wa umbali wake kutoka kwenye ekseli, kwa hiyo sanduku la kilo 20 lililo umbali wa mita 2 husumbua mara nne zaidi ya sanduku hilohilo likiwa umbali wa mita 1. Turubai, makopo ya chakula na vifaa vya gari vikae sakafuni karibu na ekseli, kabati za juu ziachiwe nguo na blanketi, na baiskeli zisining'inizwe nyuma. Kifaa ni kizuri, lakini kwa karavani iliyopakiwa vibaya huficha kasoro mpaka siku ya upepo mkali.

Pua ya karavani, yaani ncha ya mbele inayoegemea gari, iwe na uzito gani?

Nchini Uingereza hushauriwa uzito unaokandamiza kiungo cha kuvutia kilicho nyuma ya gari uwe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani ikiwa imepakiwa, yaani kilo 65 hadi 91 kwa karavani ya kilo 1,300, mradi usizidi kikomo cha gari wala cha kiungo, na kilicho kidogo ndicho kifuatwe. Zuia magurudumu, simamisha kipande cha mti juu ya mizani ya bafuni, kisha shusha pua juu yake, karavani ikiwa imelala sawa. Pua ikiwa nyepesi, mkia huyumba. Ikiwa nzito mno, magurudumu ya mbele ya gari hupungukiwa na mzigo, usukani ukawa mwepesi na taa zikamulika juu.

Kiungo cha karavani chenye pedi za msuguano kinalia kila kona. Nikipake grisi?

La, hasha. Pedi hizo hufanya kazi kwa kushika, na grisi huziharibu. Safisha kwa spiriti tufe la chuma la gari ambalo pedi hizo hulibana, na likiwa jipya liondoe rangi kwa msasa.

Ndani vyombo vinarukaruka hata barabara ikiwa nzuri.

Pima upepo wa tairi zikiwa baridi, kwa kipimo cha mtengenezaji, kwa kuwa tairi iliyojaa kupita kiasi hudunda. Kisha fundi akague shokapu.

Ikianza kuyumba ghafla, nifanye nini?

Ondoa mguu kwenye mafuta na ushike usukani ukiwa umenyooka. Usikanyage breki kwa nguvu, usiongeze kasi, wala usishindane na myumbo kwa kukata kona huku na kule. Mteremkoni shusha gia mapema, kabla mwendo haujapanda. Kwenye barabara kuu za mwendo kasi (motorway), ambako sheria hairuhusu gari linalovuta karavani kuzidi maili 60 kwa saa, tarajia lori linalokupita: hewa yake huisukuma karavani pembeni kwanza, kisha huivuta, nawe unapaswa kuwa umeshapunguza mwendo kidogo.