Re: Kwa nini treni yangu ya modeli inaonekana toy kwenye picha?

Mkuu, umesema layout yako (reli na mandhari yake) ya HO, yaani saizi mojawapo ya treni za modeli, ukiiangalia kwa macho iko poa ila ukipiga picha inakuwa toy kabisa. Shida kubwa nadhani ni unapiga kutoka juu. Skeli ya HO ni 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi, kwa hiyo mtu wa mita 1.7 hapo ana urefu kama sentimita 2 tu, basi lenzi ishuke mpaka huko, karibu kabisa na reli, yaani upige kama umesimama pembeni ya njia unasubiri treni ipite. Simu inaweza kukufaa kuliko kamera kubwa maana ni nyembamba unaiweka popote, na sensa yake ndogo inafanya vitu vingi viwe kwenye fokasi. Kama una kamera, tumia tripodi, punguza tundu la lenzi mpaka f/16 hivi (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo, na vitu vingi vinakuwa kwenye fokasi) na uache shata iwe wazi muda mrefu. Flashi zima kabisa, weka taa moja kali ya upande mmoja iwe jua, jua halina vivuli viwili.

Halafu mng'ao wa plastiki! Puliza vanishi isiyong'aa kwenye mabehewa (ziba vioo kwanza), paka rangi ya kutu ubavuni mwa reli ila juu pafute pabaki safi, la sivyo umeme wa kuendesha treni haupiti. Kokoto za kumwaga kwenye njia ya reli chagua ndogo kuliko unavyodhani, na gundi nyeupe ya kuzishika uichanganye na maji na tone la sabuni ya vyombo ndo inapenya vizuri. Na ukutani nyuma weka anga, hata karatasi ya bluu iliyopauka inatosha.