Maswali ya Wasomaji: Nasaba ya Jacquetta wa Luxembourg

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma makala mbili kuhusu Elizabeth Woodville, aliyeolewa na Mfalme Edward wa Nne wa Uingereza mwaka 1464. Moja yasema alikuwa binti wa watu wa kawaida. Nyingine yasema mama yake, Jacquetta wa Luxembourg, alitokana na wafalme, na tena alishtakiwa kwa uchawi. Ninachora chati ya ukoo huo na nimekwama. Ipi ni kweli, na je, mfalme wa sasa ni wa uzao wake? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, makala zote mbili zina ukweli, ila ya kwanza imehesabu kuumeni na ya pili imehesabu kuukeni.

Baba yake Elizabeth, Richard Woodville, alitoka katika ukoo wa makabaila wadogo waliomtumikia Duke wa Bedford, ami yake Mfalme Henry wa Sita. Jacquetta, aliyezaliwa kiasi cha mwaka 1415, aliolewa kwanza na Duke huyo mwenyewe, Aprili 1433, miezi mitano tu baada ya mke wa kwanza wa Duke kufariki. Naye Duke alipofariki mwaka 1435 bila kupata mtoto naye, mjane aliachiwa mali nyingi kwa sharti kwamba asiolewe tena bila idhini ya mfalme. Akaolewa kwa siri na Richard, na mwaka 1437 wakatozwa faini ya pauni 1,000. Walijaliwa watoto wasiopungua kumi na wawili, na Elizabeth alikuwa miongoni mwa wakubwa.

Sasa nasaba ya Jacquetta mwenyewe. Baba yake, Pierre wa Luxembourg, alikuwa mtawala wa Saint-Pol kaskazini mwa Ufaransa, wa ukoo uliojivunia kutokana na Melusine, mwanamke wa hadithi ambaye kila Jumamosi aligeuka nyoka kuanzia kiunoni. Hilo liache nje ya chati. Ya uhakika zaidi, na ya ajabu kuliko nyoka kwa maoni yangu, ni nasaba ya mama yake, Margherita del Balzo, aliyetoka Andria, kusini mwa Italia. Margherita alikuwa binti wa Sveva Orsini, binti wa Nicola, mwana wa Roberto, mwana wa Anastasia de Montfort, na Anastasia alikuwa binti wa Guy de Montfort, aliyekimbilia Italia baada ya baba yake, Simon, kuuawa vitani Evesham mwaka 1265. Mama yake Guy alikuwa Eleanor, binti wa Mfalme John wa Uingereza. Kwa hiyo Jacquetta, mgeni kutoka ng'ambo ya bahari, alikuwa kizazi cha nane kutoka kwa mfalme wa Uingereza.

Waingereza wa zama zake hawakujali hayo. Mwaka 1460 Richard na mwanawe Anthony walitekwa na kupelekwa Calais, wakatukanwa hadharani kwamba Richard ni mtoto wa mtu duni aliyeinuliwa na ndoa. Mmoja wa waliowatukana alikuwa kijana Edward, yule yule aliyekuja kumwoa binti wa Richard miaka minne baadaye! Bila shaka ndiyo sababu, mwaka 1465, Elizabeth alipotawazwa malkia, mjomba wake Jacques wa Luxembourg aliletwa na msafara wake London, watu waone upande wa pili wa ukoo.

Shtaka la uchawi nalo lilizaliwa na chuki hiyo. Agosti 1469 waasi walimkata kichwa Richard pamoja na mwanawe John. Katika msukosuko huo mtu mmoja akaleta kisanamu cha risasi chenye umbo la askari, urefu wake kama kidole, kimevunjika katikati na kufungwa kwa waya, akidai ni kazi ya Jacquetta. Baraza la mfalme lilimsafisha mwanzoni mwa 1470, naye akafariki 1472. Mwaka 1484, chini ya Richard wa Tatu, bunge lilifufua madai hayo dhidi ya marehemu, likisema ndoa ya 1464 ilipatikana kwa uchawi. Henry wa Saba aliifuta sheria hiyo upesi, maana mwanamke aliyekusudia kumwoa alikuwa mjukuu wa Jacquetta.

Mjukuu huyo ni Elizabeth wa York, aliyeolewa mwaka 1486. Vitukuu ni Henry wa Nane na dada yake Margaret, aliyeozwa kwa mfalme wa Scotland mwaka 1503. Kilembwe ni James wa Tano, na kutoka kwa binti yake, Mary Stuart, alizaliwa James aliyerithi pia kiti cha Uingereza mwaka 1603. Kutoka kwa James, mstari unapitia kwa binti yake Elizabeth, kisha Sophia wa Hanover, hadi George wa Kwanza, Victoria, na Elizabeth wa Pili, ambaye urithi ulimwangukia Februari 1952 akiwa Treetops, Kenya. Basi ndiyo, Mfalme Charles ni wa uzao wa Jacquetta.

Angalizo moja kwa chati yako: Jane Grey, malkia wa siku tisa mwaka 1553, atatokea mara mbili. Kuumeni anatokana na ndoa ya kwanza ya Elizabeth Woodville, na kuukeni anatokana na ile ya pili.