Mvumaji wa Chimborazo na baridi ya usiku

Kwa aliyeuliza jinsi ndege mvumaji, mdogo kiasi hicho, anavyostahimili usiku wa baridi kali kwenye Milima ya Andes: huuzima mwili wake karibu kabisa. Mvumaji wa Chimborazo, anayeishi Ekuador kwenye nyanda za nyasi zilizo juu ya mita 3,500 hivi, hujificha ndani ya nyufa za miamba jua linapozama, joto la mwili likashuka na moyo ukapiga polepole, mpaka alfajiri anapoanza kutetemesha misuli ili apate joto tena. Mvumaji mwingine, wa Peru, alipimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 akiwa na nyuzi 3 tu za Selsiasi, naye akaamka salama.

Mchana, huyu wa Chimborazo hutegemea sana maua ya rangi ya chungwa ya kichaka kiitwacho chukiraga, lakini mara nyingi hutua na kung'ang'ania tawi kwa miguu yake mikubwa badala ya kuelea, kwa kuwa kuelea penye hewa nyepesi humgharimu nguvu nyingi. Ukimwona hivyo utadhani ni ndege chozi wa Mlima Kenya juu ya mmea wa lobelia, ingawa hawana undugu wa karibu.