Dada wa Katuba, kura ni yako

Dada wa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, nimekusoma. Mume amefungia kadi yako ya uchaguzi, anasema atakupa namba ya mgombea, na wenzako wa likelemba, kikundi chenu cha kuchangiana pesa kwa zamu, wanangoja useme neno.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 5, inasema kura ni siri, na Mkongomani mwenye miaka 18, mwanamke kwa mwanaume, ana haki ya kupiga. Kadi si mali ya bwana. Iombe siku ambayo hana hasira, kwa sababu ya kawaida: unaihitaji kama kitambulisho. Akikataa, mwite mkubwa wa familia anayemheshimu. Ikiwa imepotea kabisa, omba nakala CENI, tume ya uchaguzi.

Mimi 2023 nilisimama peke yangu mbele ya mashine ya kupigia kura. Niligusa picha, karatasi ikatoka, nikaikunja, nikaitia sandukuni. Nyumbani nilipoulizwa, nilijibu tu: "Nimepiga."

Lakini nguvu kubwa iko kwenye likelemba yenu. Msingoje kampeni na vitenge vyake. Kitenge kipokeeni mkitaka, hakina deni. Siku ya kukusanya pesa waiteni wagombea, muulize kuhusu maji na kodi ya meza sokoni, mmoja aandike majibu kwenye daftari. Na kwa nini msimsimamishe mmoja wenu? Sheria ya uchaguzi ya 2022 inasamehe dhamana, yaani pesa ya kugombea, kwa orodha ya wagombea yenye angalau nusu ya wanawake.

Akikutisha au kukupiga, usibishane kuhusu kadi. Toka na watoto, kisha utafute mwanasheria au chama cha kutetea wanawake.