Apollo na Mkono wa Oedipus

Swali la wiki hii liliuliza: ikiwa Wagiriki wa kale waliamini kwamba majaliwa ya mtu yamekwisha kupangwa, kwa nini walihangaika sana na wema na ubaya wa matendo yake? Jibu langu ni kwamba hawakuyatwisha majaliwa mzigo wote, na wanaosema waliyatwisha wamemsoma nusunusu Oedipus, yule mfalme wa Thebes katika michezo ya kuigiza ya Sophocles, mtunzi wa Athens ya kale.

Tuanze na Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki. Mwanzoni mwa utenzi wake wa Odyssey, Zeus, mkuu wa miungu, analalamika mbele ya miungu wenzake: wanadamu hutusingizia kila baya, kumbe wenyewe kwa upumbavu wao hujiongezea mateso kupita fungu walilopewa. Mfano wake ni Aegisthus. Miungu walimtuma Hermes, mjumbe wao, amwonye waziwazi: usimuue mfalme Agamemnon wala usimtake mkewe, kwa maana Orestes, mwana wa Agamemnon, atalipiza kisasi. Akaambiwa, akasikia, akafanya. Fungu lipo, ila mtu anaweza kulizidisha. Huku kwetu dereva akilipita lori kwenye kona akaua abiria, msibani tunaambiana ajali haina kinga. Maneno hayo hunikera, na Zeus wa Homer asingeyakubali.

Hector wa Iliad, utenzi mwingine wa Homer, ananigusa zaidi: ndiye shujaa anayeulinda mji wa Troy uliozingirwa na Wagiriki. Mkewe Andromache anamsihi asirudi vitani. Hector anajua Troy itaanguka, na anamwambia hivyo. Ananyoosha mikono ambebe mwanawe, mtoto anaangua kilio kwa kuogopa kofia ya vita na kishungi cha nywele za farasi kinachotikisika juu yake. Wazazi wanacheka. Hector anaivua kofia, anaiweka chini, anambusu mtoto na kumwombea aje kuwa bora kuliko baba yake. Anasema pia kwamba hakuna aliyezaliwa anayeyakwepa majaliwa yake. Lakini anapoeleza kwa nini hawezi kubaki nyuma, anataja mambo mengine: angeona haya mbele ya watu wa Troy, na amejifunza kuwa shujaa. Amejifunza! Karne kadhaa baadaye mwanafalsafa Aristotle (384–322 KK) alifundisha jambo hilohilo: mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na mwadilifu kwa kutenda haki.

Mtaniuliza, Oedipus je? Mungu Apollo alimtabiria kule Delphi, kwenye hekalu lake la utabiri, kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Akaikimbia Korintho, alikolelewa na watu aliodhani ndio wazazi wake, ili yasitokee, na kwa kukimbia huko akayakuta: njiani akamuua Laius, mfalme wa Thebes, kisha akamwoa mjane wake Jocasta, bila kujua kuwa hao ndio waliomzaa. Hapo kweli hakuwa na pa kutokea. Ila utabiri ule haukusema lolote kuhusu kuutafuta ukweli, na mchezo mzima wa Sophocles ni kuutafuta huko. Jocasta anamwambia maisha ya mtu yako mikononi mwa bahati, bora kuishi vivyo hivyo. Kisha anamsihi asiulize tena. Mchungaji mzee anayeijua siri ya kuzaliwa kwake naye anamwomba aache. Oedipus anaendelea, kwa sababu Thebes inateketea kwa tauni na ameapa kumpata muuaji wa Laius. Hakuna mungu aliyemlazimisha kuwa mkweli kiasi hicho.

Anapotoka akiwa amejitoboa macho, wazee wa Thebes wanamuuliza ni mungu gani aliyemsukuma. Anajibu kwamba Apollo ndiye aliyeyatimiza mateso yake, lakini mkono uliopiga macho ni wake mwenyewe. Sijaona mahali pengine ambapo mtu aliyeonewa na majaliwa anaugawa mzigo kwa uaminifu namna hiyo.

Sophocles hakuishia hapo. Uzeeni, akikaribia miaka 90, alitunga mchezo mwingine juu ya Oedipus, ulioonyeshwa mwaka 401 KK yeye akiwa ameshafariki. Humo Oedipus, mzee na kipofu, anafika Colonus karibu na Athens, na safari hii anajitetea: aliyeuawa njiani ndiye aliyeanza kumshambulia, hakujua kuwa ni baba yake, na mbele ya sheria hana hatia. Wenyeji wanataka kumfukuza kwa hofu ya unajisi wake. Theseus, mfalme wa Athens, anamsikiliza na kumpa hifadhi.